Skuli ni ya nani? Safari ya haki ya elimu kwa vijana wenye ulemavu Unguja

Hebu kumbuka darasa lako la kwanza. Mlikuwa wangapi? Wengine watasema hamsini, wengine sabini, tena nusu mkikaa chini. Sasa jiulize jambo jengine: nani mtaani kwenu alikuwa rika lako na hakuwemo darasani?

Ukifikiri vizuri utamkumbuka angalau mmoja. Huenda alikuwa akikuchungulieni dirishani mkipita na madaftari. Huenda mlimsikia sauti tu, uani. Jina lake pengine mlikuwa hamulijui, maana kila mtu alimwita kwa ulemavu wake: bubu, kiwete, taahira. Leo tunazungumza habari za huyo. Kwa nini hakuja skuli, nani aliyeamua asije, na vipi sheria zimebadilika hata leo mtoto kama yeye ana haki ileile uliyokuwa nayo wewe.

NENO "WOTE" LILIKUWA NA WATU WANGAPI?

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo kwa wote. Waulize wazee waliokuwa watoto wakati ule, watakwambia lilikuwa jambo kubwa. Mtoto wa mvuvi akakaa benchi moja na mtoto wa tajiri. Baadaye Sheria ya Elimu ya 1982 ikaongeza uzito: mtoto kusoma ikawa lazima. Siyo hiari ya baba wala ya mjomba.

Sasa angalia. Mtoto asiyeona alipobaki nyumbani, mara nyingi hakuna aliyeuliza. Mwalimu aliyemwambia mama "huyu hatumuwezi" hakuonekana amefanya kosa lolote, na mama mwenyewe alirudi nyumbani akishukuru kwamba ameambiwa kwa upole. Neno "wote" lilikuwa likieleweka hivi: wote wanaoweza kusoma kwa namna tunayofundisha sisi. Aliyebaki nje ya hapo alikuwa wa kuhurumiwa, apewe sadaka Ijumaa, basi.

La kustaajabisha ni kwamba chuoni mambo hayakuwa hivyo kila mara. Kusoma kwa kusikiliza na kuhifadhi kulimpa asiyeona nafasi, na katika miji mingi ya Waislamu wamekuwepo mahafidhi wasioona wanaoheshimiwa na kila mtu. Uwezo ulikuwepo siku zote. Ubao na chaki ndio uliomtoa mtoto asiyeona nje, siyo akili yake.

Na pengine kilichomzuia mtoto kilikuwa ngazi tu. Tuchukue mfano wa kijana, tumwite Salum, anayekaa Malindi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa hivi: duka au ghala chini, watu juu. Ngazi ni nyembamba na zimesimama kama za mnara. Salum miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Alipokuwa na miaka saba baba yake alimbeba mgongoni kila asubuhi, akamteremsha, akamfikisha skuli. Akiwa na miaka tisa, kaka yake alishika zamu. Akifika kumi na mbili Salum ni mzito, baba mgongo unamuuma, kaka amepata kazi bandarini anaingia alfajiri. Siku moja hakubebwa. Siku ya pili hakubebwa. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba Salum asisome, lakini Salum hasomi tena.

Mambo mengi ya ulemavu ni ya namna hii, kijana. Hakuna adui wa kumnyooshea kidole. Ndiyo maana sheria ilihitajika.

KWA NINI SHERIA ZA BARA HAZIKUFIKA MALINDI

Tanzania Bara skuli za watoto wenye ulemavu zilianza na makanisa. Kanisa la Anglikana lilianzisha skuli ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki likaanzisha ya viziwi Tabora mwaka 1963. Zilikuwa za bweni, mbali na nyumbani, na mtoto aliyepata nafasi alikuwa na bahati. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria mbili kwa ajili ya Bara: moja ya ajira, nyingine ya matunzo. Ile ya ajira ilitaka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi. Neno "matunzo" lenyewe linakwambia fikra za wakati ule zilikuwaje. Mtu wa kutunzwa.

Sheria hizo hazikuvuka bahari. Katika Muungano wetu, elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini skuli za msingi na sekondari ni jambo la Zanzibar yenyewe, na ustawi wa jamii vilevile. Kwa hiyo mtoto wa Malindi alihitaji sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Alingojea sana. Mjini palikuwa na madarasa maalumu machache ndani ya skuli za kawaida, na shamba mara nyingi hapakuwa na kitu.

WALIPOANZA KUSEMA WENYEWE

Hadithi hii inanipendeza zaidi hapa, kwa sababu wenye ulemavu wanaacha kuzungumziwa na wanaanza kuzungumza.

Mwaka 1980 kulikuwa na mkutano mkubwa wa wataalamu wa dunia huko Winnipeg, Canada, wa kujadili habari za watu wenye ulemavu. Wenye ulemavu waliohudhuria walitaka nusu ya uongozi wa jumuiya ile iwe yao. Wakakataliwa. Wakatoka, na mwaka uliofuata wakakutana Singapore wakaunda jumuiya yao wenyewe ya dunia nzima. Fikiria: mkutano unaokuhusu wewe, na wewe huna kura!

Upepo huo ulifika huku. Mwaka 1985 ulianzishwa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ. Watu wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, wote chini ya paa moja, wakiwa na viongozi wao wenyewe. Kazi mojawapo waliyoifanya ni kwenda nyumba kwa nyumba, mjini na vijijini, kuwafunza wazee namna ya kumsaidia mtoto akae, asimame, ale mwenyewe, atoke nje. Kazi hiyo haina fahari wala picha za magazeti. Lakini mtoto aliyefichwa huwezi kumuandikisha skuli. Kwanza atoke chumbani.

Wazazi nao walijikusanya. Mwaka 1999 iliundwa jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, inayojulikana kwa kifupi ZAPDD, na wazazi wakawa nguzo yake. Ulemavu wa akili ndio uliokuwa ukifichwa kuliko wote, na ndio uliosingiziwa kila kitu: uchawi, laana, shetani, dhambi ya mama. Mama mmoja akijua kuna mama mwengine mtaa wa pili mwenye mtoto kama wake, nusu ya mzigo unaanguka papo hapo.

Usidhani nchi tajiri zilikuwa mbele sana. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, sheria iliruhusu skuli kumkataa mtoto ambaye akili yake ilihesabiwa haijafikia ya mtoto wa miaka mitano. Chama cha wazazi kilikwenda mahakamani mwaka 1971, na mwaka 1972 jimbo likakubali kuwasomesha. Mwaka 1975 Marekani ikapitisha sheria kwa nchi nzima. Wabunge wao wenyewe walikiri wakati huo kwamba watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa hawapo skuli kabisa. Mmoja wa watu waliopigania haki hizo, Judy Heumann, alipooza miguu kwa polio. Alipokuwa mdogo mwalimu mkuu alimkataa akisema kiti chake cha magurudumu kingekuwa hatari moto ukitokea. Alikua, akawa mwalimu, na baadaye akafanya kazi katika serikali yao.

Hapa Afrika ya Mashariki, Uganda ilitangulia kwa jambo moja: Katiba yao ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na Bunge lao lina viti vitano vya watu wenye ulemavu. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2003.

Halafu kuna Salamanca. Huu ni mji wa Hispania ambako mwezi Juni 1994 wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba skuli ya kawaida ndiyo inayotakiwa kujirekebisha ili impokee kila mtoto. Zamani swali lilikuwa: huyu mtoto ana kasoro gani? Salamanca waliligeuza: hii skuli ina kasoro gani?

2004, 2006 NA BAADAYE

Zanzibar ilianza kulijaribu swali hilo mwaka 2004, katika skuli 20 za majaribio. Kwetu inaitwa Elimu Mjumuisho, na Wizara ya Elimu ikaweka kitengo chake maalumu. Walimu wakafundishwa namna ya kumtambua mtoto asiyesikia vizuri, namna ya kumkalisha, namna ya kumpa kazi inayolingana naye badala ya kumuacha achore tu mpaka kengele. Sera ya Elimu ya 2006 ikaliweka jambo hilo rasmi.

Mwaka huohuo wa 2006 Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu (Haki na Fursa), Namba 9. Soma jina lake tena: haki na fursa. Lile neno "matunzo" limeondoka. Sheria iligusa elimu, afya, ajira na kuingia kwenye majengo, na ikaunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Bara walipata sheria yao ya namna hiyo mwaka 2010, kwa hiyo safari hii Visiwani tulitangulia kwa miaka minne. (Si vibaya kujisifu mara moja moja.)

Tarehe 13 Desemba 2006 Umoja wa Mataifa nao ukapitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwezi Novemba 2009. Kifungu cha 24 cha Mkataba ndicho cha elimu. Mwaka 2022 Zanzibar ikatunga sheria mpya, Namba 8 ya mwaka huo, kuchukua nafasi ya ile ya 2006. Kwa hiyo ukikuta mtu anakutajia sheria ya 2006 kama ndiyo inayotumika, mwambie imeshabadilishwa.

Na maneno yetu je, nayo yamebadilika? Zamani tulisema "kilema, vilema", kama kiti, viti. Kiswahili kiliwaweka pamoja na vitu. Baadaye tukasema "walemavu", angalau wakawa watu. Siku hizi tunasema "watu wenye ulemavu", mtu kwanza, ulemavu baadaye. Lakini viziwi wengi wenyewe wanalipenda jina la kiziwi, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Zanzibar. Wao wana lugha yao na hawaoni haya. Ukiwa na shaka umwiteje mtu, muulize. Au mwite jina lake.

SAWA, LAKINI SHERIA SI KARATASI TU?

Wapo watakaouliza hivyo, na hawana makosa. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini na hajui lugha ya alama hawezi kuijua kwa sababu tu gazeti la serikali limechapishwa. Mashine za kuandikia nukta nundu ni ghali. Ngazi za Malindi zipo palepale. Mimi naona kazi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyofanyika.

Lakini sheria inabadilisha jambo moja. Zamani mama alikwenda skuli kuomba. Leo anakwenda kudai, na anayemkatalia ndiye anayetakiwa kujieleza. Kuna kitu katika Mkataba ambacho ni lazima ukijue: marekebisho yanayofaa. Maana yake ni kwamba skuli inatakiwa kufanya mabadiliko yanayohitajika kwa mtoto huyu, ilimradi yasiwe mzigo uliopita kiasi. Skuli haiwezi kuambiwa ijenge lifti kesho. Lakini darasa la Salum linaweza kuhamishiwa chini, na la wengine likapanda juu. Hilo halina gharama hata shilingi moja. Choo kinaweza kupanuliwa mlango. Mwenye uoni hafifu akae mbele, mwalimu asome kwa sauti anachokiandika ubaoni.

Na nyumba za Mji Mkongwe? Mji huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, huwezi kubomoa ngazi za zamani unavyotaka, lazima upate ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Lakini ubao mnene wa kuwekwa mlangoni na kuondolewa haubomoi kitu. Na familia nyingine zimefanya jambo jepesi zaidi, zimebadilishana vyumba na ndugu wa chini.

MASIKIO NA MACHO YA MDOGO WAKO

Hili ni gazeti la afya, kwa hiyo tusiliruke. Watoto wengi wanaoitwa wakaidi au wazito hawasikii au hawaoni vizuri, basi. Mtoto anayetokwa na usaha sikioni kila mara anaweza kupoteza usikivu kidogo kidogo. Usimtie mafuta ya moto wala dawa ya kienyeji, mpeleke kituo cha afya. Homa ya uti wa mgongo, surua na malaria iliyopanda kichwani zinaweza kuacha ulemavu zikichelewa kutibiwa. Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda ndani akipelekwa mapema, wiki za mwanzo za maisha yake, mara nyingi hunyooshwa kwa plasta bila ya upasuaji mkubwa. Mwenye ualbino anahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, na wengi wao macho yao hayaoni mbali hata wakivaa miwani.

Jaribu hivi nyumbani. Simama nyuma ya mdogo wako, hatua chache, umwite kwa sauti ya kawaida asipokuona. Mfunike jicho moja, umuoneshe vidole kutoka upande wa pili wa chumba, kisha jicho la pili. Huo si uchunguzi wa daktari. Lakini ukiona mashaka, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina watu wa kazi hiyo.

Na wewe kijana mwenye ulemavu unayesoma au unayesomewa hapa: kliniki ya vijana ni yako pia. Maswali ya mwili, ya mapenzi, ya kujikinga, una haki ya kujibiwa. Ukiwa kiziwi unaweza kwenda na mkalimani unayemuamini, uliyemchagua wewe mwenyewe, asiwe lazima mama yako.

UKIKATALIWA UFANYE NINI

Anza kwa mwalimu mkuu, na umuombe aandike sababu. Neno "andika" linafanya miujiza. Watu wengi wanaokataa kwa mdomo hawakubali kukataa kwa kalamu. Mwambie na sheha, kwa sababu yeye anawajua watoto wa shehia yake na anatakiwa kuwajua. Ikishindikana nenda ofisi ya elimu ya wilaya, au Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha pale Wizarani. UWZ, ZAPDD na Baraza la Taifa wanaweza kufuatana na wewe. Mambo yakiwa mazito zaidi kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kinatoa msaada wa sheria bila malipo, na wasaidizi wa sheria wapo hata wilayani.

Usingoje Januari. Skuli ikijua mapema kwamba anakuja mtoto asiyeona, ina muda wa kumtafuta mwalimu na vifaa. Ikijua siku ya kwanza ya muhula, jibu litakuwa "rudi mwakani".

Jengine, kwa walio Kidato cha Tatu na cha Nne. Mtihani wa Kidato cha Nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hata kwetu Zanzibar. Asiyeona anatayarishiwa karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa. Utaratibu wao unatoa muda wa ziada pia: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini NECTA haikuoni ulipo. Skuli yako ndiyo inayoandika aina ya ulemavu wako wakati wa kukusajili, na hiyo ni miezi mingi kabla ya mtihani. Muulize mwalimu anayeshughulikia usajili kama amekuandika, na umuombe akuoneshe.